Treni ya Saa Nne na Dakika Kumi na Nne

Ipo nchi moja kule mashariki, ukishapita bahari zote unazozijua, nchi ya mito mipana na mashamba ya mpunga, ambako treni haijawahi kuchelewa hata dakika moja. Jina lake silitaji. Si kwamba naogopa. Wenyewe wamelibadilisha mara tatu kwa amri, na sijui sasa wamefikia lipi. Wala usianze kugeuka kuangalia nyuma ukidhani nasema nchi yako. Nchi yako treni zake zinachelewa, au siyo?

Kabla ya maendeleo walikuwa na treni mbaya sana. Wananchi waliiita Nyati, kwa kuwa ilitembea kama nyati wa kulimia: kichwa chini, bila haraka, ikisimama kila penye mtu. Ilitoka Pakwai, mji mdogo wa mpakani, kwenda mji mkuu, kilomita mia mbili na kumi na mbili, kwa saa kumi na moja, na juu ya hizo ikachelewa nyingine nne. Ndani mlikuwa na bata, magunia ya ndimu, watawa wenye vipara, akina mama wakinyonyesha na wazee wakicheza karata. Aibu tupu kwa taifa. Ilikuwa na sifa moja tu, nayo hakuna aliyeiandika popote: ilikuwa inafika.

Ndipo akateuliwa Mheshimiwa Profesa Daktari Somvang Prathep kuwa Waziri wa Reli, Mwendo Kasi na Furaha ya Abiria. Udaktari alipewa na chuo alichokifungua, na uprofesa akapewa na chuo alichokubali kutokifunga. Mwezi wake wa kwanza kazini akapanda ndege kwenda kujifunza reli katika nchi ya visiwa ambako treni hufika bila kukosea hata sekunde. Huko akaona jambo lililomwingia moyoni. Mfanyakazi wa reli, kavaa glavu nyeupe, anasimama ukingoni mwa jukwaa, ananyoosha kidole kwenye taa ya ishara na kutamka kwa sauti kile anachokiona. Peke yake! Wenyeji wakamweleza kwamba kwa njia hiyo makosa hupungua, kwa kuwa jicho, kidole na mdomo vinakaguana. Maelezo yalikuwa marefu kidogo, na chai ilikuwa imeshaletwa.

Mheshimiwa akarudi na makontena mawili ya glavu na sheria moja.

"Ndugu wabunge," alisema, "tumekaa miaka mia tukisubiri treni ifike ndipo tuseme imefika. Huo ndio ukoloni wenyewe! Taifa linalojiamini husema kwanza. Kuanzia leo, kitakachonyooshewa kidole na mtu aliyevaa glavu za serikali, na kutamkwa kwa sauti, kitakuwa kipo, na hakuna mamlaka yoyote itakayokipinga."

Wabunge wakapiga makofi. Wawili wakalia.

*

Reli mpya ikajengwa, na hapo sitaki kusema uongo, ilijengwa kweli. Mataruma ya zege ya kulazia reli, nguzo ndefu kuvuka mabonde, stesheni zenye vigae unavyoweza kujitazama ukachana nywele. Treni nayo ikanunuliwa. Moja. Ndefu, rangi ya fedha, pua kama ya papa. Inakaa mji mkuu ndani ya jengo la vioo, na watoto wa shule hupelekwa kuitazama kwa foleni. Haitembei, kwa sababu chombo kikitembea kinaweza kuchelewa, na rekodi ni rekodi.

Nyati ikakatwakatwa ikauzwa chuma chakavu. Mabasi yakapigwa marufuku barabara yote ya Pakwai, yasije yakainyang'anya treni abiria. Mheshimiwa alisema hayo ni mazingira rafiki ya ushindani.

Sasa nikupeleke Pakwai, siku ya Jumatano moja, maana mimi siku hiyo nilikuwa pale nikingoja hiyo treni kama mjinga mwingine yeyote.

Kulikuwa na mama mmoja, Bi Malivan, muuza wali wa kunata uliopikwa ndani ya mwanzi. Mumewe, Mzee Thongdi, alikuwa fundi wa njia miaka thelathini na moja. Kazi yake ilikuwa kutembea juu ya mataruma na nyundo ya mpini mrefu, anagonga reli, anasikiliza ipi imelegea. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, na la kulia limeanza kufuata. Madaktari wa macho kutoka ng'ambo huja hospitali kuu ya mji mkuu mara moja kwa mwaka, siku tatu basi, wanaondoka. Kadi ya mzee ilisema: Alhamisi, namba sabini na tatu. Na nesi wa Pakwai alikuwa amewaambia bila kuzunguka:

"Baba, nyuma ya huo mtoto wa jicho kuna presha. La kushoto likikosa msimu huu, ndio basi. La kulia lina mwaka, halizidi."

Kwa hiyo Jumatano saa mbili asubuhi walikuwa jukwaani, mzee kavaa shati la harusi ya mwanawe, Bi Malivan kabeba mianzi sita ya wali na kadi ya hospitali ndani ya mfuko wa plastiki. Tukakalishwa kwenye viti vyenye namba, wawili wawili, kama ndani ya behewa. Stesheni masta, Bwana Sengkham, mtu mwembamba ambaye zamani aliipungia Nyati bendera, akasogea ukingoni. Akavuta glavu zake. Akanyoosha kidole kwenye reli tupu.

"Treni imewasili!"

Bi Malivan akachungulia. "Iko wapi?"

"Milango imefunguliwa! Abiria wamepanda! Milango imefungwa! Saa mbili na nusu kamili, treni imeondoka!"

Feni kubwa ikawashwa ikatupuliza usoni. Kwenye spika sauti ya msichana ikatangaza tunavyovipita: daraja hili, mto ule, shamba la chai la Mheshimiwa fulani upande wa kulia. Baada ya saa nzima Bi Malivan akainuka.

"Kaa chini, mama!" Sengkham akamkemea. "Treni iko kwenye kona!"

"Nataka kwenda haja."

"Subiri tufike stesheni."

"Si hii hapa stesheni?"

"Mama, unawatia abiria wasiwasi."

Mzee Thongdi alikuwa kainamisha kichwa muda wote. Akamnong'oneza mkewe: "Hii reli haina kitu juu yake. Reli yenye treni inaimba tangu kilomita tatu."

Saa nne na dakika kumi na nne feni ikazimwa. Sengkham akanyoosha kidole kwenye ukuta: "Treni imewasili mji mkuu, kwa wakati!" Karani akagonga muhuri, taarifa ikarushwa kila ofisi kwa mtambo, tiketi zetu zikakusanywa, tukatolewa kwa geti la nyuma lenye maandishi ya dhahabu: KARIBUNI MJI MKUU. Tukatokea penye ghala la mihogo.

*

Bi Malivan alirudi getini kama moto.

"Sengkham! We si mtoto wa Orathai? Hili ghala la mihogo silijui mimi?"

"Mama, tafadhali. Tiketi yako imeshakusanywa. Tiketi hukusanywa mtu akifika."

"Nimefika wapi?"

"Mji mkuu."

"Na yule ng'ombe wa Bounmi anayekojoa pale, naye amefika mji mkuu?"

"Ng'ombe hana tiketi, mama. Yeye yuko Pakwai."

Watu wakacheka. Bi Malivan hakucheka. Akamshika mkono wa glavu. "Sengkham, mwanangu. Huyu mzee alikufundisha kazi. Kesho anapasuliwa jicho. Niambie kweli, treni inakuja saa ngapi?"

Sengkham akatazama chini. "Hospitali ni kushoto, mama," akasema polepole, akafunga geti.

Wakaenda kupiga simu hospitali. Sauti ya karani ilikuwa ya heshima.

"Namba sabini na tatu? Amefika. Reli wameleta taarifa saa nne na dakika kumi na nne. Ameshaandikiwa kitanda."

"Hajafika! Yuko hapa kando yangu!"

"Mama, punguza sauti. Mgonjwa anatakiwa apumzike."

Hapo Mzee Thongdi akasema neno moja tu: "Kitanda." Si cha hospitali alichosema yeye. Mafundi wa njia wa nchi ile wana chombo chao cha tangu zamani: kitanda cha mianzi kilichowekwa juu ya ekseli mbili, na injini ya pampu ya maji kwa nyuma. Unakiweka juu ya reli, kinakwenda. Wastaafu wanne, wenzake wa zamani, walikitoa kimoja mafichoni chini ya banda la kuku, na kabla ya adhuhuri mzee na mkewe walikuwa wamekaa juu yake wakipepea kuelekea mji mkuu. Ndiyo ilikuwa safari pekee iliyopata kufanyika juu ya ile reli mpya, na nasikia reli yenyewe ni nzuri sana, haitingishi.

Walikwenda kilomita tisini. Kwenye stesheni moja ya katikati kijana wa glavu akawaona wanakuja, akanyoosha kidole, akatamka kama alivyofundishwa kwa saa hiyo: "Njia ni tupu!" Kisha akawasimamisha.

"Hiki nini?"

"Kitanda, baba," akasema Bi Malivan. "Tupishe, tunawahi."

"Nimeshatamka njia ni tupu. Kwa hiyo hiki hakipo." Akaita wenzake, wakakiinua kitanda, ekseli na injini, wakavitupa kwenye gari la serikali.

"Basi tupe risiti," akasema Bi Malivan.

"Risiti ya kitu kisichokuwepo, mama? Unataka nifungwe?"

Wakatembea. Wakapata lori la mchanga. Lori likazama njiani, wakatembea tena. Walifika hospitali kuu Jumamosi. Madaktari walikuwa wameondoka Ijumaa jioni.

Karani alikuwa yule yule wa heshima. Akafungua faili: "Amefika. Amepasuliwa. Anaona." Muhuri juu yake. Nao hospitali walikuwa wameshagawiwa glavu.

"Hongera, baba," akasema. Akanyoosha mkono. "Hivi ni vidole vingapi?"

"Mwanangu, kwa jicho hili la kushoto sioni hata mkono."

Karani akaandika: Mgonjwa anapenda utani.

"Basi niandikie la kulia, mwakani."

"Orodha ya mwakani ni ya wasioona. Wewe unaona, imeandikwa hapa. Ili nikurudishe, lazima kufika kwako kufutwe kwanza. Na anayeweza kukufuta ni aliyekufikisha. Waziri wa Reli, kwa mkono wake na sahihi yake."

Bi Malivan akaukunja mfuko wa plastiki na kadi yake ndani, mara nne, mpaka ukawa kama kipande cha sabuni.

*

Mwaka ukakaribia kwisha. Jicho la kushoto lilishakufa. La kulia lilibaki na mwanga kama wa chumba chenye pazia: mzee alimjua mkewe kwa umbo, na watu wengine kwa sauti. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na nne madaktari waje, Bwana Sengkham alipokuja nyumbani kwao, viatu mkononi.

"Mzee, reli imefikisha abiria milioni moja. Mheshimiwa anakuja Pakwai mwenyewe kusherehekea. Wamechagua abiria mmoja wa kumshukuru, mtu aliyepelekwa hospitali na treni akapona." Akaviweka viatu chini. "Ni wewe. Utavaa glavu, utatamka treni."

Bi Malivan akafungua mdomo kumtukana, lakini mzee akamgusa goti. "Atakuja mwenyewe?" akauliza. "Kwa miguu yake na sahihi yake? Basi nitavaa."

Siku yenyewe palikuwa na bendi, watoto na feni za karatasi, na viongozi wa mkoa wamesimama juani kwa mpangilio wa vyeo. Mheshimiwa alishuka kwa helikopta kwenye uwanja wa mpira, suti nyeupe, viatu vyeupe. Akahutubia saa moja na robo.

"Zipo nchi," alisema, "ambazo treni zao zina abiria lakini hazina nidhamu. Sisi tumeanza na nidhamu! Wapinzani wetu wanauliza, treni iko wapi? Nami nawauliza, je, imewahi kuchelewa?"

Makofi. Kisha Mzee Thongdi akasogezwa mbele, na Mheshimiwa mwenyewe akamvisha glavu kwa ajili ya picha. Hapo mzee akamsemesha kwa sauti ya chini. Sisi tuliokaa mbele tulisikia.

"Mheshimiwa, nina ombi. Mwaka jana niliandikwa nimefika, sikufika. Nifute tu. Sahihi moja. Nina jicho moja limebaki."

Waziri alikuwa bado anatabasamu kwa wapiga picha. "Mzee wangu, unajua unaloniomba? Nikifuta kufika kwako, treni ile itakuwa haikufika. Isipofika, imechelewa. Unataka nichafue rekodi ya taifa kwa jicho?"

"Ni jicho langu, Mheshimiwa."

"Na rekodi ni ya wote. Haya, tamka, nina sherehe nyingine mkoa wa pili."

Mzee Thongdi akavuta glavu zikakaa sawa, kama fundi anayejiandaa. Akanyoosha kidole.

"Treni imewasili!"

Bendi ikapiga. Lakini mzee hakushusha mkono. Akaugeuza taratibu kuelekea ilikotoka sauti ya Mheshimiwa, mpaka kidole kikagusa suti nyeupe kifuani.

"Mheshimiwa Waziri amepanda! Milango imefungwa! Treni imeondoka! Saa nne na dakika kumi na nne, Mheshimiwa Waziri amewasili mji mkuu, kwa wakati!"

Bendi ikanyamaza. Karani akamtazama Sengkham, Sengkham akautazama muhuri. Sijui alichofikiria. Aliuchukua mwenyewe kutoka kwa karani na kuugonga kwa nguvu, meza ikaruka.

Taarifa ikaenda kila ofisi. Haikupita hata dakika kumi, rubani wa helikopta akapokea amri kwenye redio: Mheshimiwa ameshawasili mji mkuu, kamfuate stesheni. Akawasha injini. Walinzi nao wakakimbia wakapanda, maana mlinzi hukaa alipo waziri. Viongozi wa mkoa wakasimama kidogo, wakapiga saluti upande wa mji mkuu, wakatawanyika.

"Rudini! Niko hapa!" Mheshimiwa alipiga kelele mpaka kofia yake ikapeperushwa na upepo wa helikopta. Akatoa simu, akampigia katibu wake.

"Samahani," tulisikia sauti ikijibu, "Mheshimiwa amerudi sasa hivi, amechoka na safari. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mpumbavu wewe!"

Simu ikakatwa.

Bi Malivan akamsogelea, mikono kiunoni. "Mheshimiwa, kalamu unayo?"

Sasa alikubali upesi. Aliandika hapo hapo, juu ya ngoma ya bendi: kufika kwa Thongdi wa Pakwai kumefutwa, arudishwe kwenye orodha ya wasioona, na mimi mwenyewe nirudishiwe helikopta. Akaweka sahihi ndefu yenye mkia. Bi Malivan akamsogezea Sengkham karatasi ile karibu na uso, akimwambia aigonge muhuri.

Sengkham akaisoma mara mbili. Machozi yalimtoka kweli.

"Mama, siwezi. Barua imeandikwa Pakwai, na aliyeiandika yuko mji mkuu. Hiyo ni kughushi. Hawatairudisha tu, watamfunga mzee."

"Kwa hiyo?"

"Hadi aisaini akiwa mezani kwake. Huko ndiko aliko."

Bi Malivan akaketi chini juu ya vigae. Mumewe alikuwa ameshamkomesha mtu pekee aliyeweza kumwokoa. Hakumlaumu. Akamtazama waziri kwa muda mrefu, jinsi unavyotazama mzigo ukipima kama unabebeka.

"Mabasi?" akauliza waziri.

"Uliyakataza," akasema Bi Malivan.

"Malori ya mchanga?"

"Uliyakataza mwezi wa pili, Mheshimiwa," akasema Sengkham. "Ilisikika moja lilipakia watu wawili."

*

Waliondoka alasiri ile ile kwa miguu, juu ya reli. Mbele Mzee Thongdi, ambaye kwa mataruma hahitaji macho. Hatua zake zinayajua kama wewe unavyojua ngazi ya kwenu. Nyuma yake Mheshimiwa Profesa Daktari, kashika ncha ya shati la mzee, maana viatu vyeupe vilikuwa vinateleza kwenye kokoto. Mwisho Bi Malivan na mianzi ya wali, asije mmoja akaachwa. Katika kila stesheni vijana wa glavu waliwatazama wakipita, wakanyoosha vidole, wakatamka njia ni tupu.

Siku ya tatu jua lilikuwa la utosi. Kilomita zilikuwa zimebaki mia moja na thelathini, na madaktari siku kumi na saba. Mheshimiwa akakaa kwenye taruma, akavua kiatu, akautazama unyayo wake kama kitu alicholetewa kimakosa. Suti ilikuwa na rangi ya kokoto. Akatazama nyuma, akatazama mbele, reli mbili zinang'aa hadi zinapokutana.

"Mzee," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya hotuba, "niambie ukweli. Treni ijayo inapita hapa saa ngapi?"

Mzee Thongdi alipiga goti, akaweka sikio juu ya chuma, akasikiliza kwa makini kama alivyofanya miaka thelathini na moja. Kisha akainuka, akamtafuta mkono, akamvuta asimame.

"Ilishapita, Mheshimiwa. Na wewe ulikuwa ndani."